Amelala, amevaa, amesimama: -ing isiyofuata -na-

Ukimwomba mtu aliyepita shule akutajie kanuni ya wakati uliopo unaoendelea katika Kiingereza, ataitaja bila kusita: am, is au are, kisha kitenzi, kisha -ing. Vitabuni wakati huo unaitwa Present Continuous, wengine huuita Present Progressive, na mfano wa kwanza karibu kila mahali ni wa aina ya "I am reading", nasoma. Kanuni ni sahihi kabisa. Sasa mwonyeshe mtu huyohuyo picha ya mtoto aliyelala, umwombe aieleze kwa Kiingereza. Kuna uwezekano mkubwa akakuambia "The child has slept." Kanuni anayo kichwani, na bado sentensi imemponyoka.

Nafundisha Kiingereza jioni, kwa watu wazima waliokwisha kukisoma shuleni na ambao sasa wanakihitaji kwa barua za kazi, mikutano na usaili. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kusisitiza katika sarufi yote ya lugha hiyo, nitachagua hili: -ing ya Kiingereza haitembei na -na- ya Kiswahili. Hukutana mara nyingi, ndiyo maana tunaziona kama kitu kimoja. Halafu kwenye njia panda moja hukata kulia na nyingine kushoto, na mwanafunzi aliyezoea kufuata -na- hubaki hajui aende wapi.

Kwanza umbo, tulimalize. Kiswahili kinabeba kila kitu ndani ya neno moja: anasoma lina nafsi, lina wakati, lina tendo. Kiingereza kinagawa kazi. Am, is na are hubeba nafsi na wakati. -Ing hubeba ule mwendo wa tendo ambalo halijaisha. Ukiiacha is ukasema "She reading", umetupa nafsi na wakati. Ukiiacha -ing ukasema "She is go", umetupa mwendo. Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba ukitaka kuhamia jana hugusi -ing hata kidogo, unabadilisha upande mmoja tu: "She was reading." Kesho saa kama hii: "She will be reading." Kukanusha, unaweka not baada ya is. Kuuliza, unaitanguliza is: "Is she reading?" Kwetu swali huletwa na sauti au na je, tena neno la kuulizia linaweza kukaa mwishoni, unasoma nini, kwa hiyo wengi hupeleka what mbele na kuishia hapo: "What you are reading?" Mbele kunatakiwa mabadiliko mawili, what kwenda mwanzo na are kuruka juu ya you. Hilo nalisahihisha kila wiki, na nitaendelea kulisahihisha, kwa sababu ni la mazoezi ya mdomo zaidi kuliko la kuelewa.

Sasa tuje kwenye kiini.

Kiambishi -na- kina kazi nyingi mno. Anafundisha hesabu: yuko mbele ya darasa dakika hii, au ni mwalimu wa hesabu ambaye sasa hivi amelala kwake? Kiswahili hakikulazimishi kusema. Mazungumzo yenyewe yanaonyesha. Tuna hu- ya mazoea, hufundisha, lakini katika maongezi ya kila siku -na- inachukua nafasi hiyo pia, na hakuna anayeshangaa ukisema kila asubuhi anakimbia. Kiingereza hakikupi nafasi ya kukwepa. Lazima uchague kabla hujafungua mdomo: "She teaches maths" au "She is teaching maths".

Chukua swali dogo, unatoka wapi? Ukimkuta rafiki njiani ana vumbi miguuni, Kiingereza chake ni "Where are you coming from?" Ukimuuliza mgeni asili yake, ni "Where do you come from?" Maneno yetu ni yaleyale, na ukiyageuza vibaya kwa Kiingereza utapata jibu la swali ambalo hukuuliza. Unafanya nini nalo ni hivyohivyo. "What are you doing?" humuuliza mtu ana shughuli gani mkononi. "What do you do?" humuuliza riziki yake. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi umeme, aliulizwa "What do you do?" katika usaili kwa njia ya simu, naye akajibu kwamba ameketi mezani anaongea na simu. Kiswahili chake kilimpa tafsiri moja, akaifuata kwa uaminifu. Nililisikitikia jibu lile, maana mtu huyo anajua kazi yake vizuri sana na nafasi ya kuieleza ilikuwa ndiyo hiyo.

Ukienda kwenye ukanushi mambo hubana zaidi, kwa sababu hapo -na- yenyewe hutoweka. Sisomi. Ni sisomi sasa, au mimi si mtu wa kusoma? "I'm not reading" na "I don't read" zote zimeingia katika neno hilo moja. Mfano ninaoupenda ni wa simu: simu haifanyi kazi. Ukisema "My phone isn't working", msikilizaji anaelewa kwamba ina hitilafu kwa sasa na pengine itapona. Ukisema "My phone doesn't work", umeieleza kama ilivyo, ni mbovu. Anayetaka msaada wa haraka kwa barua pepe ni vizuri ajue anachagua ipi.

Lakini yote hayo ni mepesi ukilinganisha na -me-.

Rudi kwa mtoto wa picha. Amelala. Hakuna -na- hapo, na ndiyo sababu mwanafunzi haikumbuki -ing. Anaona -me-, na alifundishwa kwamba -me- ni has au have pamoja na tendo lililokamilika: amefika ni "He has arrived", na hilo ni kweli. Kwa hiyo amelala inakuwa "He has slept". Ubaya ni kwamba sentensi hiyo ni Kiingereza safi chenye maana nyingine. Inasema mtoto amepata usingizi wake, na huenda sasa ameshaamka anacheza. Kilichopo kwenye picha ni "The child is sleeping."

Inatokea hivi kwa sababu inayoeleweka, na nikishaieleza naona nyuso za watu zinabadilika. Vitenzi vyetu vingi vya namna hii hutaja kuingia katika hali. Kukaa ni kule kuteremka hadi kwenye kiti. Kusimama ni kuinuka. Kuvaa ni kupitisha mikono kwenye nguo. Ukishaingia, tendo limekamilika na wewe umo ndani ya hali, ndipo tunaposema amekaa, amesimama, amevaa. Kitenzi cha Kiingereza hutaja ile hali yenyewe, kule kuwa umo ndani, na kwa kuwa bado umo, tendo linaendelea: "He is sitting", "He is standing", "He is wearing". Kule kuingia Kiingereza hukipa maneno yake ya pekee, mara nyingi kwa kuongeza kijineno pembeni: sit down, stand up, put on, fall asleep, pick up.

Kwa hiyo pale Kiswahili kinapobadilisha kiambishi, Kiingereza hubadilisha kitenzi na kuiacha -ing palepale. Anavaa koti: "He is putting on a coat." Amevaa koti: "He is wearing a coat." Anakaa, yaani ndiyo kwanza anateremka kitini: "She is sitting down." Amekaa: "She is sitting." Anasimama: "She is standing up." Amesimama: "She is standing." Yote sita yana -ing, na nusu yake kwa Kiswahili hayana -na-. Ongeza ameshika, amebeba, ameegemea, ameinama, amepiga magoti, amejificha: is holding, is carrying, is leaning, is bending, is kneeling, is hiding. Ukanushi wake pia hutuchanganya, kwa sababu kwetu huja na -ja-. Hajavaa miwani ni "He isn't wearing glasses." Mtu akisema "He has not worn glasses" atakuwa anasimulia historia ya macho ya mtu.

Ndiyo maana siku hizi sifundishi somo hili kwa sentensi za kutafsiri. Nafundisha kwa picha. Natafuta picha yenye watu wengi, ukumbi wa kusubiria kwa mfano, na kuwaambia wanafunzi waelezane wanachokiona bila kupitia Kiswahili. Picha ina faida moja kubwa: haina -na- wala -me-. Ina watu tu, na mwanafunzi analazimika kujiuliza swali ambalo Kiingereza kinamtaka ajiulize, je, jambo hili liko katikati yake hivi sasa?

Mpwa wangu anayesoma mbali hunitumia picha pamoja na jumbe za sauti akizieleza kwa Kiingereza, nami namrudishia masahihisho. Baada ya somo la amelala alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, na amechoka je? Is tiring?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yake yote sahihi, kwa sababu lilionyesha kwamba ameanza kuipima kanuni badala ya kuimeza. Amechoka hakwendi kwenye -ing. Ni "She is tired." Amekasirika, "She is angry." Ameshiba, "She is full." Hapo Kiingereza huacha kitenzi kabisa na kuchukua sifa. Kwa hiyo -me- yetu ina milango mitatu upande wa pili: amefika huenda kwenye has arrived, amelala huenda kwenye is sleeping, amechoka huenda kwenye is tired. Nilimpa njia ya kukisia ambayo hufaa mara nyingi. Ukiona mkao wa mwili au kitu kilichoshikwa, jaribu -ing. Ukiona hali ya moyo au ya mwili kwa ndani, tafuta sifa. Na is tiring ipo, lakini maana yake ni kwamba jambo linachosha: "This work is tiring." Akiitumia kwa dada yake atakuwa amesema dada ni mchoshi.

Upande wa pili wa njia panda uko ambako -na- ipo na -ing haitakiwi. Najua, nataka, naamini, nahitaji, naelewa. Kiingereza huvitazama vitenzi hivyo kama hali isiyo na hatua, isiyo na katikati. Hakuna dakika ambayo uko nusu ya kujua jina la mtu. Kwa hiyo ni "I know", "I want", "I believe", "I need", "I understand". Vivyo hivyo own, belong, contain, seem. Barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa "I am having a diploma" humfanya msomaji asimame kidogo, na kusimama huko si kwa faida yako. Andika "I have a diploma." Kuna na "I am agree", ambayo imechanganya nusu ya kanuni hii na nusu ya ile; agree ni kitenzi kinachojitosheleza, "I agree", basi.

Sipendi orodha ndefu za vitenzi vilivyopigwa marufuku ambazo hubandikwa ukutani, ingawa najua kwa nini walimu huzitoa. Zinamfanya mwanafunzi aogope sentensi zilizo sahihi. Think iko katika orodha hizo, lakini "What are you thinking about?" ni swali la kawaida kabisa. Tofauti iko kwenye maana. "I think she is right" ni maoni, nayo hayana mwendo. "I'm thinking about your offer" ni kazi inayofanyika kichwani. Have ya kumiliki haichukui -ing, ila "We're having a meeting" ni sawa kwa sababu mkutano una mwanzo na mwisho. "I see the problem" ni kuelewa. "I'm seeing the doctor tomorrow" ni miadi. "The soup tastes good" ni sifa ya mchuzi. "He is tasting the soup" ni mtu ana kijiko mkononi. Afadhali mwanafunzi ajifunze kuuliza kama jambo lina mwendo kuliko kukariri orodha.

Hata be yenyewe, ambayo ni hali kuliko hali zote, inaweza kuingizwa mwendo. "He is difficult": ndivyo alivyo, ni mtu mgumu. "He is being difficult": kwa sasa anajifanya mgumu, na anaweza kuacha akitaka. Maneno matano ya Kiswahili hayatoshi kueleza kilichofanywa na being peke yake. Wafundisheni watoto sentensi hiyo, kwa sababu mzazi akimwambia mtoto "You are naughty" amemhukumu yeye, lakini akisema "You are being naughty" amekemea tendo la leo na kumwacha mtoto salama.

Wazo hilo la muda ndilo linalofungua matumizi mengine. "I live with my sister" ndiyo makazi yangu. "I'm living with my sister" inamwambia msikilizaji kwamba huu ni mpango wa muda, naweza kuhama. "I'm reading a book about bees" inaweza kusemwa na mtu ambaye hana kitabu mkononi na yuko kwenye basi, amekianza, hajakimaliza. Kwa hiyo ile tafsiri ya haraka, "jambo linalotendeka sasa hivi", inabana mno. Na mambo yanayobadilika kidogo kidogo hupenda sana umbo hili: "It's getting dark", "Her English is improving", "The children are growing." Kuna pia always. "He always loses his keys" ni taarifa. "He's always losing his keys" ina lawama ndani yake, ya mtu aliyechoka kutafuta funguo.

Sasa geuza jambo hilo. Vipo vitu vinavyotokea hivi sasa, mbele ya macho, na Kiingereza hakivipi -ing. Sikiliza mtangazaji wa mpira kwa Kiingereza: "He passes, he turns, he shoots." Kila tendo limekwisha kabla hajamaliza kulitaja, hivyo halina katikati ya kusimulia. Mtangazaji huyohuyo akieleza hali ya mchezo kwa jumla, hurudi kwenye -ing: "They're defending very deep." Nawashauri wanafunzi wangu wapenda mpira wasikilize dakika kumi tu za mechi wakiwa na kalamu, wapange vitenzi katika safu mbili. Wanajifunza zaidi hapo kuliko katika kurasa zangu.

Kuhusu kesho, tuna bahati. Kiswahili husema kesho tunasafiri, au kesho nasafiri, na Kiingereza nacho kinasema "We're travelling tomorrow". Njia zimeungana tena. Sharti lake ni kwamba jambo liwe limepangwa, pengine na mtu mwingine anahusika. "I'm meeting the manager on Monday" ina miadi nyuma yake. "I'll meet the manager" ni uamuzi unaouchukua unapozungumza. Hali ya hewa haipangwi na mtu, ndiyo maana utabiri husema "It's going to rain tomorrow", wala si "It's raining tomorrow". Tahadhari moja hapa: nakuja. Sisi mtu akitoka chumbani kwa dakika mbili husema nakuja, akimaanisha atarudi. "I'm coming" kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili ni ya mtu anayekaribia. Anayeondoka husema "I'll be right back."

Tahadhari nyingine: si kila -ing iliyo baada ya is ni wakati unaoendelea. "Her job is teaching children" ina is, ina teaching, lakini maana yake ni kwamba kazi yake ni kufundisha. Teaching hapo ni jina, sawa na ku- yetu. Kazi haifundishi watoto. Yeye ndiye anayefundisha. Mtihani wake ni rahisi, uliza kama kiima ndicho kinachotenda.

Sauti. Hapa mtumiaji wa Kiswahili yuko mbele ya wanafunzi wengi duniani na mara nyingi hajui. Ile -ing mwishoni hutamkwa kwa ng' ya ng'ombe, si kwa ng ya ngoma. Katika matamshi ya kawaida "Singing" ina ng' mbili, moja katikati na moja mwishoni, na hakuna g inayosikika popote. "Singer" ni ng' pia. "Finger" ndiyo yenye ng ya ngoma. Wapo wanaohangaika miaka kuitafuta sauti hii; sisi tumezaliwa nayo na kuiandika kwa kibainishi, kisha tukikutana nayo katika Kiingereza tunaongeza -gi mwishoni kana kwamba hatujawahi kuiona. Jambo la pili ni mkato. Katika maongezi is na are karibu hazisikiki: he's, they're, I'm. Anayesubiri kuisikia is kamili atadhani haikusemwa, naye ataanza kuiacha. Na he's inaweza kuwa he is au he has. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachoamua, "he's eating" au "he's eaten".

Tahajia ina kanuni chache. Make huacha e yake, making. See na agree hazipotezi kitu, seeing, agreeing. Lie, die na tie hugeuka lying, dying, tying. Run na sit hurudia herufi, running, sitting, kwa sababu zina irabu moja fupi na konsonanti moja mwishoni. Neno refu kwa kawaida hurudia pale tu mkazo ukiwa mwishoni, beginning, lakini opening na visiting hazirudii. Travelling ni Uingereza, traveling ni Marekani, na zote ziko sawa mradi usizichanganye katika barua moja.

Ukiona haya yote ni mazito, ujue kwamba hata Waingereza wenyewe hawakuwa nayo tangu mwanzo. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare ya karibu mwaka 1600, Polonius anamkuta Hamlet ana kitabu na kumuuliza: "What do you read, my lord?" Leo swali hilo lingekuwa "What are you reading?", na mwanafunzi akiandika la Polonius atapata alama ya kosa. Wakati ule maumbo yote mawili yalikuwepo na msemaji alikuwa huru zaidi. Umbo la -ing lilizidi kuenea baadaye, katika karne ya 18 na ya 19. Zamani ilisemwa pia "The house is building" kwa maana kwamba nyumba inajengwa. "Is being built" ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 walikuwapo wataalamu wa lugha walioikataa wakisema ni mbaya. Leo hakuna mwalimu anayeikataa. Nawasimulia wanafunzi hilo kila mara, kwa sababu mtu akijua kwamba kanuni ina umri, hupunguza kujidharau.

Mpwa wangu ameniomba sentensi moja ngumu ya kujipima. Nimempa hii, nanyi jaribuni kabla ya kusoma mbele: Mgeni amevaa koti jeusi, amesimama mlangoni, anataka kujua kama unakuja kesho.

Kuna -me- mbili, kuna -na- mbili. Mimi ningeandika: "The visitor is wearing a black coat and standing at the door; he wants to know if you're coming tomorrow." Zile -me- zote mbili zimekuwa -ing. Katika zile -na-, anataka imebaki wants, na unakuja imechukua -ing ingawa ni ya kesho. Yeye aliandika "is wearing" na "is standing", akaniuliza kama amekosea kuirudia is. Hajakosea. Is ya kwanza inaweza kutumikia vitenzi vyote viwili vikiunganishwa kwa and, na anayependa kuirudia airudie.